Ukuta Hauna Shangazi

Mizani ililetwa na watu wawili, ikawekwa kwenye kona ya chumba cha maandalizi, kati ya kioo kirefu na mashine ya kahawa ambayo tangu inunuliwe haijawahi kumpa mtu kahawa ya maana. Ilikuwa mizani ya kusimamia, bapa, nyeusi, yenye namba nyekundu zinazowaka, kubwa kiasi kwamba hata aliyekaa karibu na mlango angezisoma bila miwani. Wahudumu wa ndege walioingia siku ile waliitazama kama unavyomtazama mgeni aliyefika na mabegi matatu bila kusema atakaa siku ngapi.

"Hii imepotea njia," alisema mmoja wao. "Ya mizigo iko chini."

Wenzake walicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha upande mmoja wa mdomo. Mwanamke mmoja tu aliipita bila kugeuza shingo. Alikwenda moja kwa moja kwenye kioo, akaiweka sawa skafu yake, akagusa mabawa madogo ya shaba yaliyochomekwa kifuani kuhakikisha yamenyooka. Alikuwa mfupi, mnene kiasi chake, mwenye miguu ya mtu aliyesimama maisha yake yote. Kazini walimwita Shangazi, kwa sababu alikuwa mkubwa kuliko wote na hakuna aliyethubutu kumwita bibi. Nyumbani kwao jina lake lilikuwa Popo, na sisi tutamwita hilo hilo, maana alilitolea jasho.

Jina lilianza hivi. Alipokuwa na miaka ishirini alikuwa akiuza viatu kwenye duka la watu, akipiga magoti mbele ya miguu ya wateja kutwa nzima. Akasikia kampuni ya ndege inatafuta wahudumu. Mama yake, fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, alimcheka mpaka akashika mbavu.

"Kuwapelekea watu chai angani? Kwani huku chini wamekosa chai?"

Popo alikwenda hivyo hivyo. Akaulizwa maswali, akasomeshwa tangazo kwa sauti, akatembezwa huku na huku kama ng'ombe wa mnada. Yote akayapita. Mwisho yeye na wenzake waliobaki wakaletwa kwenye chumba hiki hiki cha maandalizi, na mwalimu wa wahudumu, mama mkavu mwenye sauti ya kengele, akawaonyesha kipande chembamba cha bati kilichopigiliwa ukutani, juu, nyuma ya mlango. Anayetaka kazi avue viatu, asimame kwa ncha za vidole vya miguu, anyooshe mkono, aguse bati. Sababu yake haikuwa urembo. Ndani ya ndege vifaa vya kuokolea watu huwekwa juu, na moto haumsubiri mtu aende kutafuta kigoda.

Popo alinyoosha mkono. Akakosa kwa upana wa kidole kimoja.

"Naomba nirudie, mwalimu," alisema. "Nilikuwa natetemeka."

"Hukutetemeka. Wewe ni mfupi," alisema mwalimu, bila ubaya wowote. "Binti, ukuta huu hauna mjomba wala shangazi. Lakini pia hauna kinyongo. Rudi baada ya miezi mitatu. Ukifika, umefika."

Alilia njia nzima ya kurudi nyumbani. Kesho yake, macho yakiwa bado yamevimba, alimwomba kaka yake mkubwa amfungie bomba la chuma juu ya mlango wa chumba cha cherehani. Akaanza kuning'inia. Asubuhi kabla ya kazi, jioni baada ya kazi, mikono juu, miguu ikielea, mpaka mabega yanaita kwa maumivu. Wateja wa mama yake waliokuja kupimwa nguo walipita pembeni mwa miguu yake kama watu wanaokwepa nguo kwenye kamba. Kaka zake wakambandika jina la Popo. Mama yake alikuwa akiendesha cherehani huku akitikisa kichwa.

"Utarefuka mikono, mwili ubaki ule ule. Halafu nikushonee nini mimi?"

Miezi mitatu ilipokwisha, alirudi kwenye ule ukuta, na ncha ya kidole chake cha kati ikahisi ubaridi wa lile bati. Ubaridi ule hakuusahau. Mwalimu alimchomeka mabawa ya shaba kifuani akamwambia, "Haya, nenda kawapelekee chai." Popo alicheka peke yake, na mwalimu hakujua kwa nini.

Sasa, mtu asiyeijua kazi ile hudhani ni tabasamu na rangi ya mdomo. Mpe toroli lililojaa soda na chakula cha moto, mwambie alisukume kwenye njia nyembamba, sakafu imeinama kama paa la nyumba, halafu abiria mmoja anauliza kama dirisha linafunguka. Popo aliyaona yote hayo. Miguu ilimvimba mpaka viatu vikawa vinavuliwa kwa maombi. Aliwahi kushika kichwa cha mwanamke aliyekuwa akitapika, na mkono wa pili akashika uji wa mtoto wa mwanamke huyo huyo. Bwana mmoja aliyezoea kuita watu kwa kupiga vidole alimpigia vidole. Popo naye akapiga vyake, akainama na kumwuliza kwa upole, "Tunaimba wimbo gani, kaka?" Mlevi mmoja aliyemshika kiuno alihamishiwa kati ya wamama wawili waliokuwa wanatoka kwenye mkutano wa kupinga ulevi. Akashuka amelevuka, na karatasi za mawaidha mkononi.

Aliolewa pia. Mume alikuwa karani, mtu wa kunyoosha suruali, na alivumilia kwa muda. Kisha siku moja, Popo akiwa amesimama mlangoni na begi lake la magurudumu, akamwambia achague kati ya ndoa na ndege. Popo alitazama saa.

"Tutaongea nikirudi," alimwambia. "Gari la kazini limeshafika."

Aliporudi, mume hakuwepo, wala televisheni. Alihuzunika, tusidanganyane. Ila alipoulizwa na kaka zake kama anajuta, alisema anaijutia televisheni.

Kitu alichokipenda kuliko vyote katika kazi yake hakikuwa mawingu wala hoteli. Ilikuwa dakika ile ndege inapoanza kukimbia ili iruke. Mhudumu hukaa kwenye kiti chake cha kukunja karibu na mlango, mgongo wima, mikono ameikalia ili isije ikarushwa huku na huku likitokea la kutokea, na kimya kimya hujisomea moyoni: likitokea sasa hivi, nafanya nini? Mlango wangu ni upi? Nje kukiwa na moto, nawapeleka wapi? Nani humu ana nguvu wa kunisaidia, nani atahitaji kubebwa? Abiria wanaomtazama hudhani anasali, au anasikia baridi. Popo kila safari aliijaza ile dakika mpaka pomoni, hata baada ya kupanda ndege mara zisizohesabika. Na siku moja ilimlipa. Simu ya abiria iliwaka moto ndani ya kabati la mizigo la nyuma, moshi ukaanza kushuka, watu wakaanza kupiga kelele. Kabla kelele hazijafika mbele, Popo alikuwa ameshasimama kwa ncha za vidole, amefungua kabati la juu, ametoa kizimamoto, na moto umekwisha. Kijana mmoja mrefu mithili ya mnazi alikuwa amesimama pembeni anapiga picha. Tangu siku ile, kila mwaka katika tarehe aliyoajiriwa, Popo alikuwa akivua viatu, akifunga mlango wa chumba cha maandalizi, na kuligusa lile bati. Hakuna aliyemwagiza. Ilikuwa ahadi kati yake na ukuta.

Turudi kwenye mizani. Aliyeileta alikuwa meneja mpya wa huduma, aliyetoka kampuni ya vipodozi, mtu nadhifu, mwenye manukato yanayotangulia kuingia chumbani. Alieleza mpango wake akitabasamu. Kila mhudumu atapima uzito kabla ya safari. Atakayezidi kiwango atapewa mwezi mmoja apungue. Asipopungua, atashushwa kwenye kaunta ya mizigo iliyopotea.

"Abiria huanza kula kwa macho," alisema.

"Basi tumpe miwani, tuokoe chakula," alisema Popo kutoka nyuma.

"Na marubani nao watapima?" aliuliza mwingine.

"Marubani hawaonekani na abiria."

Rubani mkuu, mtu mwenye tumbo lililomtangulia kila aendako hata wakamwita Kapteni Kitambi, alicheka kwa furaha ya mtu aliyenusurika. Popo alimgeukia akamtazama, kicheko kikakatika katikati. Siku ile ile meneja alipewa jina la Bwana Kilo, na wahudumu wakaanza kupanda mizani mmoja mmoja, macho wameyaelekeza darini, namba nyekundu zikiwaka mbele ya kila mtu. Zamu ya Popo ilipofika, alikaa kwenye kiti akakunja mikono.

"Mimi si mzigo," alisema.

Bwana Kilo aliona si vizuri kugombana na mkongwe siku ya kwanza. Akampa mpaka mwisho wa mwezi.

Popo angeweza kuishia pale, na mdomo wake, na utani wake. Kilichomchoma kilikuwa Twiga. Huyu alikuwa mhudumu kijana, mrefu kuliko wanawake wote wa kampuni ile, na ndiyo sababu ya jina. Alikuwa ametoka kujifungua, na mwili wake ulikuwa bado mwili wa mama anayenyonyesha. Mizani ikamwambia amezidi. Twiga akaanza kuishi kwa maji ya ndimu. Popo alimwona akigawa chakula kwa abiria huku mikono inatetemeka, akamsogezea sahani pale kwenye jiko la ndege, mwenzake akaisukuma.

"Kula, mwanangu."

"Siwezi, Shangazi. Jumatatu napima."

"Mtoto ananyonya nini? Namba?"

Na safari hiyo hiyo, ndege inashuka, magurudumu yanakaribia kugusa ardhi, Popo akatupa jicho upande wa pili na kumwona Twiga ameinamia mkanda wake, kichwa kimelegea kama cha kuku aliyechinjwa. Alikuwa amezimia. Mlango ule ukabaki hauna mtu, na abiria wote nyuma yake hawajui lolote, wanasubiri kuwasha simu zao. Popo alijisomea moyoni milango miwili badala ya mmoja mpaka ndege iliposimama. Hasira aliyoshuka nayo siku ile ilikuwa ya kumkata mtu pumzi.

Alimfuata Bwana Kilo ofisini kwake akamtolea uvivu. Bwana Kilo alimsikiliza, akampa pole, akasema afya ya wafanyakazi ndiyo hasa sababu ya mizani.

Ndipo hapo, katikati ya mwezi ule mbaya, tarehe ya Popo ya kuligusa bati ikafika. Alifunga mlango. Akavua viatu. Akanyoosha mkono kama alivyonyoosha miaka yote, akingojea ubaridi. Hakuupata. Kidole kiligusa rangi ya ukuta tu. Akarudia, akarudia tena, akiwa ameshikilia pumzi. Ulibaki upana wa kucha. Aliushusha mkono taratibu akakaa sakafuni, viatu vikiwa mapajani. Umri ulikuwa umemla kidogo kidogo, ukianzia juu, na hakuna aliyemwambia.

Hakusema kwa mtu. Kesho yake asubuhi alilishika tena lile bomba la mlango wa chumba cha cherehani, nyumbani alikokuwa amerudi kuishi na mama yake. Mama, ambaye sasa alikuwa kikongwe na bado anatunga uzi kwenye sindano bila msaada, alimtazama juu ya miwani.

"Popo kajirudia," alisema, akaendelea kushona.

Mwisho wa mwezi ulifika. Ilikuwa alasiri, ndege imejaa, na wahudumu wote wa safari ile walikuwa chumbani pamoja na Kapteni Kitambi, wanasomewa hali ya hewa. Bwana Kilo alikuwa amesimama kando ya mizani.

"Shangazi," alisema, "leo ni leo."

"Asemaye kesho ni mwongo," alijibu Popo.

"Panda basi."

"Sipandi."

"Ukikataa, safari hii huendi. Na nyingine huendi."

"Sikukatai wewe. Nakataa hicho kidude. Twiga alikipanda, kikamtoa mlangoni kwake ndege ikiwa inatua. Kama kazi yake ni kutuangusha, kinaiweza."

Twiga alikuwa ameinamisha kichwa, anavuta vuta ncha ya skafu yake. Bwana Kilo alitabasamu lile tabasamu la vipodozi.

"Mama yangu, kila kazi ina kipimo chake. Au ya kwenu ndiyo haina?"

"Inacho," alisema Popo. "Kile pale."

Akanyoosha kidole nyuma ya mlango. Bwana Kilo alifuata kidole, akaliona bati, na ikaonekana wazi kwamba siku zote alidhani ni mabaki ya kitundikio cha makoti. Kapteni Kitambi akamweleza. Bwana Kilo aliitazama ile alama, akamtazama Popo toka unyayo mpaka utosi, na wala haukuwa mwendo mrefu.

"Na wewe unafika pale?"

Swali lilimpata Popo penyewe. Angeweza kusema, "Nilifika," na lisingekuwa uongo. Angeweza kurusha utani, watu wakacheka, siku ikapita. Alimtazama Twiga. Akapiga moyo konde.

"Nikifika, mizani inatoka humu leo. Nisipofika, mabawa nayavua mwenyewe, hutanivua wewe."

"Sawa," alisema Bwana Kilo upesi. Mtu anayeona nazi imeanguka yenyewe haulizi nani kaiangua.

Popo alivua viatu akavipanga pembeni. Akausogelea ukuta, akauweka uso wake karibu mpaka akanusa vumbi la rangi. Akapanda juu ya ncha za vidole. Magoti yakalia. Akanyoosha mkono, bega, ubavu, kila kilichokuwa kinanyoosheka katika mwili ule uliosimama maisha mazima, na kidole cha kati kikapanda, kikapanda.

"Amefika!" alipaza sauti Kapteni Kitambi.

"Amefika!" wakaitikia wengine, na mmoja akapiga kigelegele. Toka walipokuwa wamesimama, mkono wake ulikuwa umeliziba bati. Bwana Kilo alichungulia, akaangalia saa yake. Abiria walikuwa wameanza kuitwa.

"Haya, inaonekana amefika," alisema, sauti imemsinyaa. "Tutalizungumza hili la mizani. Nendeni mkaruke."

Popo alikuwa bado ameukabili ukuta. Kidole chake kilikuwa kwenye rangi, rangi yenye vuguvugu la alasiri. Hapakuwa na ubaridi wowote. Hakuna mtu duniani aliyelijua hilo isipokuwa yeye. Nyuma yake watu walikuwa wanapiga makofi.

Alishuka juu ya visigino vyake, akageuka.

"Sijafika," alisema.

"Umefika, Shangazi, tumeona wote!"

"Nyie mmeona mgongo wangu. Imebaki kucha."

"Shangazi," alisema Kapteni, akimsogelea na kushusha sauti, "acha ubishi. Kucha ni kitu gani? Umefika."

"Kapteni, wewe ukikosa uwanja kwa hatua moja, umetua?"

Kapteni alirudi nyuma hatua moja.

"Siku naanza niliambiwa ukuta huu hauna shangazi," alisema Popo. "Nisiuletee shangazi leo."

Akayafungua mabawa ya shaba kifuani kwake. Machozi yalimtoka, hakuyafuta. Akayaweka mabawa juu ya meza, mbele ya Bwana Kilo, kisha akalivuta begi lake la magurudumu mpaka kwenye kona, akalinyanyua na kulibwaga juu ya mizani. Namba nyekundu zikawaka.

"Mizani ni ya mizigo," alisema. "Haya, pima mzigo."

Bwana Kilo alishusha pumzi. Alikuwa ameshinda, kwa kadiri alivyoelewa yeye, na alikuwa ameshainua kishikwambi chake aite mhudumu wa akiba. Ndipo Twiga aliposimama. Alivua viatu, akatembea mpaka nyuma ya mlango, na bila hata kuinua visigino akaweka kiganja chake chote juu ya bati, pa!

"Mimi nafika," alisema. Sauti yake ilikuwa inakwaruza. "Hiki kipimo nimekipita. Kile kingine sipandi tena."

"Sikukubaliana na wewe," alisema Bwana Kilo.

Twiga alilichukua begi lake akalibwaga juu ya la Popo. Wa tatu alivua viatu, akagusa bati, akabwaga begi. Wa nne hivyo hivyo. Mabegi yakapanda mpaka namba nyekundu zikafunikwa, na mizani ikaanza kutoa kamlio kembamba, kama mbu aliyebanwa. Kapteni Kitambi alikuwa amesimama na lake mkononi, akitazama tumbo lake, akitazama bati, akitazama mlango. Mwisho akaenda. Aligusa bila shida, maana alikuwa mrefu, akalitua begi lake juu ya rundo kwa uangalifu, kama anayeweka kofia.

"Ndege yangu haitoki na wahudumu wenye njaa, meneja," alisema. "Piga simu unapotaka kupiga."

Bwana Kilo alizitazama zile nyuso, akaitazama saa. Ndege isiyo na wahudumu wa milango haiondoki, hilo hata mtu wa vipodozi analijua. Alisema mizani itaondolewa kwa muda. Akalikazia lile neno, kwa muda. Watu walewale wawili wakaja kuibeba, na wa nyuma akauliza ipelekwe wapi. Popo alimwambia, "Chini, kwenye mizigo. Ndiko kwao."

Mhudumu wa akiba alifika akihema. Popo alimfunga Twiga skafu upya, maana alikuwa ameifunga vibaya.

"Leo unakaa mlango wangu. Wa mbele, kushoto. Umekula?"

"Nitakula, Shangazi."

"Utakula mbele yangu." Akamtolea mkate kwenye mkoba, akasimama hapo mpaka ukaisha. "Ndege ikianza kukimbia, kalia mikono yako, ujisomee. Usiruke neno."

Mabawa yaliachwa pale mezani. Bwana Kilo hakuyagusa, wala Popo hakuyatazama tena. Alirudi nyumbani jua likiwa bado liko juu, jambo ambalo liliwashangaza majirani. Alimsimulia mama yake yote, toka mwanzo mpaka mwisho, na mama yake hakusema hata neno moja. Hilo lilimtisha Popo kuliko Bwana Kilo.

Asubuhi alikwenda kwenye mlango wa chumba cha cherehani, akarukia bomba, akaning'inia. Mama alikuwa ameshakaa mashineni, futi ya kupimia ikiwa shingoni.

"Kazi si umewaachia?" alisema. "Unaning'inia nini tena?"

"Nimevua mabawa, mama. Mikono sijavua."

"Maana yake?"

"Sheria ni ile ile. Aliyekosa anarudi baada ya miezi mitatu. Safari ile nilikosa kidole kizima, nikarudi. Safari hii nimekosa kucha."

"Safari ile ulikuwa na miaka ishirini."

"Umri ndio ulioila hiyo kucha. Nautaka uiteme." Alivuta pumzi, mabega yakiita. "Tena nitakwenda asubuhi. Mtu huamka mrefu, jioni anakuwa ameshuka. Na kama nitakosa, nitarudi tena baada ya mingine mitatu. Watanizoea."

Cherehani ilinyamaza. Mama aliitua miwani yake mezani, akainuka akishikilia kiti, akaja taratibu mpaka chini ya bomba. Popo alijiandaa kutukanwa. Alikuwa ameshatukanwa sana mahali pale pale.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," alisema mama, kana kwamba anamgombeza. Kisha akainama, akamkumbatia miguu kwa mikono miwili, akaning'iniza uzito wake wote mdogo pale.

"Mama! Utaniangusha!"

"Nyamaza. Nakuvuta," alisema mama. "Wewe usiachie."